Kuwambua Ngoma Kuukuu

Kuwamba, kama wasomaji wajuavyo, ni kuivuta ngozi juu ya mdomo wa mzinga na kuikaza mpaka itoe sauti. Kuwambua ni kuiondoa ngozi hiyo. Kazi ya kwanza imepata sifa na hata methali, maana sote twajua ya kuwa mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake. Kazi ya pili haina sifa wala methali. Watu wengi hudhani ya kuwa yataka kisu kikali na mkono wenye nguvu basi, na kwa hiyo hupewa mtoto yeyote aliye karibu. Lakini mafundi husema ya kuwa ngoma kuukuu haziharibiki siku ya kupigwa kama ziharibikavyo siku ya kuwambuliwa, na katika likizo ya mwezi wa Juni nilipata nafasi ya kujifunza kwa nini.

Kwetu ni Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, kati ya Bwejuu na Jambiani. Mgeni ajapo huona mchanga mweupe, minazi, na wanawake wanaorudi na mwani wakati wa maji kupwa. Nyuma ya mji ni uwanda, yaani nchi ya mawe yenye udongo haba. Miti minene ya kuchongea mzinga, kama mwembe na mfenesi, haioti huko kwa urahisi. Yapatikana zaidi upande wa magharibi wa kisiwa kwenye udongo mzito, nayo hutaka miaka mingi mpaka shina lake limzidi mtu unene. Ngozi ya mbuzi hupatikana kila Idi. Mzinga haupatikani kila Idi. Akili ya kazi nzima imo humo: ngozi ni nguo, mzinga ni mwili, wala hakuna aliyekubali kuukata mwili ili avue nguo upesi.

Ngoma tuliyoishughulikia ni msondo wa bibi yangu. Msondo ni ngoma ndefu yenye ngozi upande mmoja tu, hupigwa kwa viganja, na mpigaji huweza kusimama akaipanda kwa miguu miwili kama ampandaye punda. Hapa Unguja yajulikana sana kwa shughuli za unyago. Marehemu Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, aliyefariki tarehe 17 Aprili, 2013, alisifika kwa taarab duniani kote, lakini wanawake wa hapa walimjua pia kwa msondo. Mambo ya unyago yenyewe si ya kuandikwa katika gazeti la shule, na bibi alinikumbusha hilo kabla sijashika kalamu. “Mjukuu wangu,” alisema, “andika ngozi na mti. Mengine waachie wenyewe.” Basi hapa nasema habari za ngozi na mti tu.

Swali la kwanza si namna ya kuiondoa ngozi, bali kama yafaa kuondolewa. Ngozi iliyolegea si lazima iwe imekufa. Hewa ya pwani ina maji na chumvi, nayo ngozi mbichi isiyotiwa dawa ya kiwandani huyanywa maji hayo ikalegea, sauti ikawa nzito. Ndiyo sababu wapigaji huwasha makuti makavu na kuikaribisha ngoma motoni: joto hufukuza maji, ngozi hujikunja, sauti hupanda. Ngoma inayopona kwa moto wa makuti haina haja ya kuwambuliwa. Ile iliyopasuka, au iliyoliwa na wadudu ukingoni, au iliyokauka mpaka ikawa kama bati isiitike hata kwa moto, hiyo wakati wake umefika.

Tena ziko ngoma zisizofaa kuguswa kabisa. Ngoma na siwa za Mwinyi Mkuu wa Dunga, zilizohifadhiwa katika makumbusho ya mjini, hazikuwa vyombo vya kuchezea, zilikuwa alama ya utawala. Katika ngoma ya namna hiyo hata ngozi iliyochakaa ni ushahidi, na aiondoaye ni kama achanaye ukurasa wa kitabu. Kadhalika ngoma za uganga zina wenyewe, na mwenyewe huulizwa kwanza. Mimi naona kila familia yenye ngoma ya zamani yafaa ijiulize hivyo: je, hii tunaitaka ilie, au tunaitaka ikumbukwe? Bibi alijibu upesi ya kuwa msondo usiolia ni kinu kisicho na mchi.

Wakati wa kazi pia huchaguliwa. Masika, kuanzia Machi hata Mei, si wakati wake, kwa kuwa mzinga ukilowa hautakauka ila utaota ukungu. Jua kali la kaskazi nalo hukausha upesi mno. Kipupwe ndicho kizuri, upepo wa kusi ukiwa mkavu na jua si kali.

Sasa nataka kusimama kidogo katika jambo ambalo wengi hawalifikirii, nalo ni vumbi la ngozi. Ngozi ya ngoma mara nyingi bado ina malaika ya mnyama, na ikikwanguliwa hali ni kavu hutoa vumbi jepesi liingialo puani. Kuna maradhi ya wanyama yaitwayo kimeta. Vijidudu vyake vinapokosa chakula hujifunga ndani ya ganda gumu, na katika hali hiyo, iitwayo spora, huweza kukaa udongoni au katika ngozi miaka mingi bila kufa. Kuanikwa juani hakutoshi kuviua. Mwaka 2006 fundi mmoja wa ngoma katika mji wa New York aliugua kimeta cha mapafu baada ya kushughulikia ngozi za mbuzi zilizotoka Afrika Magharibi, akapona kwa matibabu ya hospitali. Mwaka 2008 fundi mwingine, huko London, alivuta vumbi la ngozi za kutoka nje na akafa. Watu hawa hawakula nyama mbovu wala hawakuchunga ng'ombe. Walikuwa wakitengeneza ngoma.

Sisemi hayo ili watu waogope ngoma zao, maana visa hivi ni vichache sana. Ngozi ya mnyama aliyechinjwa mzima, ambaye nyama yake ilikaguliwa na kupigwa muhuri, haina hofu kubwa. Lakini ngozi ya ngoma kuukuu nani ajuaye ilitoka wapi? Pengine mnyama alichinjwa, pengine aliokotwa amekufa. Kwa hiyo kanuni ni moja kwa ngozi zote: usiikwangue, usiipige msasa wala usiikung'ute ikiwa kavu. Ilowanishe kwanza, kwa sababu kilicholowa hakirushi vumbi. Fanya kazi nje, mgongo wako ukielekea upepo ili upepo uchukue uchafu mbele yako, mbali na jiko na mbali na watoto. Vaa barakoa na glavu, funga jeraha lolote la mkono, na ukimaliza oga na ufue nguo hizo peke yake. Na mtu akitokwa na kidonda kisichouma chenye kovu jeusi katikati, au akashikwa na homa na kifua kubana siku chache baada ya kushika ngozi, aende hospitali upesi na amwambie daktari habari za ngozi ile. Daktari asipoambiwa atadhani ni mafua.

Hatari ya pili ni rangi. Mizinga mingi imepakwa rangi ya mafuta, nyekundu au kijani, na rangi za zamani aghalabu zilitiwa madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto hasa. Dawa yake ni ile ile, maji kwanza na vumbi lisiruke. Rangi iliyoshika vizuri iachwe ilivyo. Si lazima kila kitu cha zamani kisafishwe mpaka kionekane cha dukani.

Basi tuje kwenye kazi. Msondo wa bibi ulikuwa na vijiti 14 vilivyopigwa kuzunguka mdomo, na juu yake misumari ya chuma tisa ambayo fundi wa baadaye aliiongeza ngozi ilipoanza kuteleza. Nilitaka kuanza na misumari. Fundi wetu, ambaye ni mzee mwenye umri wa babu yangu, akanizuia mkono.

“Wataka kumfungua mtu kamba ilhali bado anaivuta?”

“Sikufahamu, babu.”

“Ngozi bado inavuta. Ilaze kwanza.”

Maneno hayo mafupi yana fizikia nyingi ndani yake. Darasani tunajifunza ya kuwa sauti ya waya uliokazwa hupanda kwa kipeuo cha pili cha mkazo wake, yaani ukitaka sauti ya juu mara mbili hapana budi ukaze mara nne. Ngozi nayo hufuata kanuni hiyo. Kwa hiyo ngoma yenye sauti kali imebeba nguvu kubwa mno ukingoni, na nguvu hiyo imegawanywa sawasawa kwa vijiti vyote. Ukichomoa kimoja ghafula, mzigo wake huwaangukia jirani zake wawili. Ukichomoa viwili vitatu vya upande mmoja, mdomo mzima huvutwa upande wa pili. Mti mkuukuu uliokauka haupindi. Hupasuka. Tena hupasuka kwa urefu, toka mdomoni hata chini, kwa sababu nyuzi za mti zimelala hivyo, na ufa wa namna hiyo hakuna gundi iutulizayo kabisa. Mwenye kuchoma kisu katikati ya ngozi kavu iliyokazwa naye afanya jambo lile lile kwa njia nyingine, maana mkazo wote hutoka kwa pigo moja, wala hautoki sawa kila upande.

Dawa ya mkazo ni maji, lakini maji yana adabu yake. Yawe matamu. Visima vyetu vya pwani vingine vina maji ya chumvichumvi, nayo hayafai, kwa kuwa chumvi hubaki katika mti na kuendelea kuvuta unyevu wa hewa, na ngozi mpya itakayowambwa juu yake italegea kila jioni. Maji ya bahari ndiyo mabaya kupita yote, hasa penye misumari. Tena yawe baridi. Yuko mtu atakayesema maji ya moto hulainisha upesi. Katika nguo ni kweli, katika ngozi mbichi si kweli. Ngozi imejengwa kwa nyuzi za kolajeni, na nyuzi hizo zikiwa zimelowa zikapata joto la digrii 60 hivi hujikunja kwa nguvu, kama ngozi ya kuku iingiapo katika sufuria. Amwagaye maji ya moto juu ya ngoma ili ailegeze, kwa kweli anaikaza.

Namna ya kulowesha ni hii. Chukua sinia, tandika gunia au kitambaa kizito, mimina maji kiasi cha kina cha kidole kimoja. Ugeuze msondo kichwa chini, ukalie gunia hilo kwa ngozi yake. Kisha funga utepe wa nguo iliyoloa kuzunguka ile ngozi iliyokunjwa ukingoni. Kwa kuugeuza hivi maji hayashuki mwilini mwa mzinga. Hunywewa na ngozi peke yake. Watu wengine huitumbukiza ngoma yote ndani ya pipa, nao hushangaa baada ya wiki mzinga ukifunguka kama ganda la nazi. Ngozi ya mbuzi hulainika kwa saa moja au mbili. Ya ng'ombe huhitaji kulala usiku kucha. Ibonye kwa kidole gumba: ikibonyea na kubaki na alama, imekwisha lala. Usizidishe, maana mdomo wa mzinga ni mti uliokatwa nyuzi, nao hunywa maji haraka kuliko ubavu.

Kabla ya kulowesha, nilikuwa nimechora kwa penseli. Kila kijiti nilikipa namba, na namba hiyo hiyo nikaiandika mzinganini chini ya tundu lake. Vijiti hivi huchongwa kwa kisu kimoja kimoja, na kila kimoja kimezoeana na tundu lake kwa miaka. Kikiingizwa katika tundu la mwenzake ama kitalegea, ama kitapasua. Nilipiga na picha kwa simu, lakini naisifu penseli zaidi, kwa sababu simu huzimika.

Ngozi ikisha kulala, hukatwa. Bado haichomolewi. Kwa kisu kidogo fundi alikata mstari mfupi katikati, akageuza kisu akakata mwingine wa kuukingama, kisha akaendelea kutoka katikati kwenda ukingoni, kila mara akikata upande mmoja na halafu upande unaoelekeana nao. Aliacha upana wa vidole viwili kabla ya kufika mdomoni, ili kisu kisiguse mti. Sehemu ya katikati ilitoka vipande vinane kama chungwa. Ukingoni ukabaki utepe wa ngozi umeshikwa na vijiti, usio na nguvu tena.

Hapo tukapumzika siku nzima. Jambo hili lilinishangaza, lakini sababu yake ni nyepesi. Vijiti vilivyopata maji vimevimba, na kijiti kilichovimba ukikilazimisha hukatika ndani ya tundu. Vikikaa kivulini hunywea tena, na kwa kuwa ngozi haivuti, hutoka kwa kuzungushwa kwa vidole au kwa koleo iliyoviringwa kitambaa. Zungusha kwanza, vuta baadaye. Vijiti 11 vyetu vilitoka hivyo. Vitatu vilikatika zamani, vimebaki vishina tu. Vishina havitobolewi kwa keekee kubwa inayokula tundu. Hutobolewa katikati kwa ncha nyembamba kuliko kijiti, kisha huvunjwa vipande na kutolewa kwa sindano ya kushonea magunia.

Misumari ni adui wa kweli. Chuma kikipata kutu huongezeka ukubwa, kikautanua mti kutoka ndani, na kuzunguka kila msumari utaona duara jeusi ambapo mti umeungua kwa kutu. Usiupige msumari nyundo ili utikisike. Kwangua kutu ya kichwani, ushike kwa koleo, uuzungushe kidogo huku na huku mpaka usikie umeachia, na chini ya koleo uweke kibao chembamba ili mzigo usiutie mti kovu. Msumari ulioshika kabisa hukatwa kichwa ukaachwa. Fundi aliacha miwili, na simlaumu; bora msumari ndani ya mti mzima kuliko tundu safi katika mti uliopasuka.

Mzinga ukiwa wazi, chukua tochi utazame ndani. Kwangu mimi hii ndiyo saa tamu ya kazi yote. Tuliona alama za tezo za mchongaji, zimepangana kama magamba ya samaki, na mahali pamoja ambapo tezo ilikaribia kutokeza nje, kikabandikwa kiraka kidogo cha mti kwa ulimbo. Hakuna aliyekuwa akijua habari za kiraka hicho, hata bibi. Ukingo wa ndani ulikuwa mweusi kwa moshi wa makuti ya miaka na miaka. Fundi alikataza kuusugua. Alisema moshi huo umewafukuza wadudu kuliko dawa.

Na wadudu ndio watafutwao hasa. Mti uliobunguliwa una matundu madogo ya mviringo. Gonga kwa kidole: unga mweupe mpya ukidondoka, bungua yu hai, matundu yakiwa matupu na meusi, alihama zamani. Katika makumbusho ya nchi za nje vyombo vya mti hufungwa katika mfuko wa plastiki na kuwekwa katika friza yenye baridi ya digrii 20 chini ya sifuri kwa wiki moja au mbili, wadudu na mayai yao wakafa bila dawa ya sumu. Hapa kwetu friza za samaki zipo, na kidumbak au chapuo hutosha ndani yake. Msondo hautoshi, wala sidhani mwenye samaki atakubali. Lakini mti uwe umekauka kwanza, nao usitolewe mfukoni mpaka baridi iishe, la sivyo utatoka jasho la maji.

Kukausha kwataka subira kupita yote. Mti unyweapo haunywei sawa: kwa urefu karibu haubadiliki, lakini kuufuata mduara wa shina hunywea kiasi cha mara mbili ya vile unyweavyo kuelekea kiini. Kwa hiyo mzinga uliowekwa juani hukauka nje ukabana, na ndani bado umevimba, ndipo ufa huzaliwa. Tuliuweka kivulini ukumbini, juu ya vijiti viwili ili hewa ipite chini, mdomo ukitazama upande usio wa upepo. Kila asubuhi niliupeleka dukani kupimwa kwa mizani ya mchele, nikaandika uzito katika daftari. Ulipungua siku sita, kisha uzito ukasimama. Siku ya kumi fundi akakubali.

Dumbak na vidumbak vya udongo vina hesabu nyingine, kwa kuwa ngozi yao mara nyingi hubandikwa kwa gundi. Udongo usiopakwa kioo hunywa maji, basi weka kitambaa chenye unyevu ukingoni tu. Gundi ya zamani iliyochemshwa kwa ngozi na gundi nyeupe ya maseremala hulainika kwa maji ya vuguvugu. Ile ya fundi viatu hailainiki kwa maji, nayo huachiwa kisu butu na mkono mpole.

Wenzangu wa beni watauliza: na ngoma zetu je? Beni ilianza pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, ikaenea Afrika ya Mashariki yote, na Profesa Terence Ranger aliiandikia kitabu mwaka 1975. Ngoma zake ni za kizungu. Mzinga wake si gogo lililochongwa, ni mbao nyembamba zilizobandikwa tabaka kwa tabaka kama plaiwudi, na nje huvishwa ganda linalong'aa mfano wa lulu. Ganda hilo likikauka hupasuka na kubanduka, na watu hutaka kulitoa.

Jihadhari sana na ganda la zamani. Mengi yalifanywa kwa seluloidi, kitu kilichoanza kutengenezwa Marekani mnamo mwaka 1870 kwa pamba iliyopikwa katika asidi ya naitriki na kuchanganywa na kafuri. Mipira ya tenisi ya meza ilikuwa ya seluloidi mpaka miaka ya karibuni, na aliyewahi kuichoma anajua iwakavyo. Seluloidi ina oksijeni yake ndani, kwa hiyo kuifunika kwa blanketi hakuuzimi moto wake upesi. Kuitambua si kazi: sugua kwa nguvu mahali palipofichika, unuse. Ikitoa harufu ya karafuu maiti, basi ndiyo. Kuchoma kipande ili kujaribu hakuna haja, na ndani ya chumba ni wazimu.

Ganda lolote hutolewa kwa joto la polepole. Fungua kwanza vyuma vyote na uandike vilipokaa. Tafuta mshono, mahali ganda lilipokutana. Pasha kwa kikausha nywele, ukikitembeza wala usikisimamishe, mpaka ganda liwe na joto ambalo mkono wavumilia, kisha tia kisu butu cha puti chini ya mshono na uinue kidogo kidogo. Seluloidi hulainika kabla ya digrii 100, na ikikaribia 150 huweza kuwaka yenyewe, basi nafasi ni ndogo; kile chombo cha mafundi rangi kinachopuliza hewa ya moto mkali kisitumike kabisa, wala jiko la mkaa. Ukiona nyuzi za mbao zinainuka pamoja na ganda, acha, uanze kutoka upande wa pili, kwa kuwa nyuzi hulala upande mmoja kama manyoya. Gundi iliyobaki huoshwa kwa asetoni uani, pasipo sigara wala cheche, kwa kitambaa kidogo. Petroli isikaribie. Vipande vilivyotoka tia katika ndoo ya maji, visirundikwe stoo wala visitupwe jaani panapochomwa taka.

Na kabla ya kuagiza ngozi au ganda jipya, pima mzunguko wa mzinga upya kwa utepe wa fundi cherehani, katika sehemu tatu, juu, kati na chini. Ganda lilikuwa na unene wake, nao sasa haupo. Pete ya chuma iliyokaza jana itacheza leo.